Nyumba Isiyotoa Moshi

Mama yangu alizikwa Tanga alasiri ya siku ileile aliyofariki. Mimi nilikuwa Toongabbie, pembeni mwa Sydney, nimeshika simu, nikitazama migongo ya watu waliosimama makaburini. Kifo cha wengi harusi, husema wenzetu. Msiba wangu ulikuwa wa mtu mmoja jikoni, anakaanga vitunguu kwa sababu watoto lazima wale.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, bibi wa Kitaliano ambaye kwa miaka tulisalimiana naye tu kwenye uzio. Mwanangu ndiye aliyempa habari. Hata pole hakunipa. Alinipita, akazima jiko langu. Nilipandwa na hasira. Nyumba yangu, vitunguu vyangu, yeye nani?

"Nyumba yenye msiba haiwashi moto," akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, akatua mezani sufuria ya tambi na kuku. "No pork," akaongeza, mkono kifuani, kama yuko mahakamani.

"Mum, can she just do that?" mwanangu akauliza. Nikamwambia anyamaze, maana nilikuwa nimeshaanza kulia. Kwetu pia mfiwa hapiki.

Alirudi kila siku na chakula, akakaa mpaka nimalize sahani. Ndipo akanisimulia kijiji chao, nyumba zimepandana mlimani, mlango wa huyu juu ya paa la yule. Asubuhi wanawake wa juu walitazama dohani za chini. Wakiona moja haitoi moshi, walijua pana msiba, wakateremka ngazi za mawe na vyungu vichwani. Siku hizi, alisema, karibu dohani zote hazitoi moshi, na wa kuteremka hayupo. Watu wamehamia mbali, au wamekufa.

Siku ya mwisho ya matanga nikamuuliza, "Mama, na wewe ulipofiwa na mama yako, nani alikupikia?"

Alikuwa msichana, alisema, mgeni hapa Sydney, anashona nguo kiwandani. Habari za kifo zilimfikia wakati mama yake ameshakaa kaburini wiki nyingi.

"Siku zote hizo nilikuwa nawasha moto," akasema. "Napika, naimba. Jumamosi nilikwenda dansi."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua, basi si kosa lake. Lakini hilo alikuwa amejiambia tangu ujana wake, na halikumsaidia. Nikamshika mkono, tukalia, kila mmoja akimlilia mama yake.