Wingu Katikati ya Mapaa ya Lisbon

Custódio alikuwa fundi wa kubandika vigae, na mdomo wake ulimkosesha kazi nyingi. Tajiri akimwuliza ukuta wake ukoje, anaambiwa umepinda. Mimi nilikuwa mshirika wake, kwa hiyo kazi tukazikosa wote wawili.

Miaka miwili kabla ya tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wetu wa Lisbon, tulipata kazi kubwa: kubandika picha ya mji mzima ukutani kwa bwana mmoja, bandari, makanisa, vichochoro, vyote kwa rangi ya buluu. Kila kigae kilikuwa na namba mgongoni. Cha kichochoro chetu kilimponyoka Custódio, kikapasuka vipande vipande. Akachukua kigae cha ziada chenye wingu, akakibandika hapo katikati ya mapaa. Hakuna aliyegundua. Wakubwa waliokuja kuutazama walitafuta nyumba zao tu.

Kisha ikaja ile Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ya tetemeko. Kichochoro chetu kikaenda chote, na Leocádia, binti wa Custódio, ndani yake, ana miaka sita. Nyumba ya yule bwana, nje ya mji, haikudondosha hata kigae. Inaniudhi mpaka leo.

Mwaka mzima tuliolala kwenye mahema, Inácia, mke wa Custódio, alikuwa na ombi moja.

"Nipeleke nikauone mlango wangu pale ukutani."

"Ukuta ule una vumbi," Custódio anasema.

"Nitaupangusa."

Mwishowe Inácia akaenda mwenyewe kumsihi mpishi wa nyumba ile, akaruhusiwa, akatuburuta wote.

Alianzia gatini kwa kidole. Akapanda, akalipita kanisa, akapita kwa muuza mkaa, kidole kikafika kwenye wingu.

"Hiki nini?"

"Wingu. Chetu nilikivunja."

"We mwanamume." Hakupaza sauti. "Mji wote huu, ukaona uvunje kwangu."

"Ndiyo."

Akakaa kitako sakafuni. Nilimwonea huruma hadi nikakosa pa kuangalia.

"Kabla hujakivunja, ulikitazama?"

"Nilikitazama."

"Mlango ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Uko wazi."

"Na mtu je?"

Custódio alilipangusa lile wingu kwa mkono wa shati. "Mtoto," akasema. "Amekaa kizingitini."

Inácia akanigeukia. "Shemeji, na wewe ulimwona?"

Kigae kile nilikishika kwa mikono yangu miwili. Mlango ulikuwa umefungwa, na mtu hakuwepo.

"Nilimwona, shemeji," nikasema. "Alikuwa anakula mkate."