Wembe Ulioishia Katikati

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu msimu wa mpunga ilikuwa kuamia ndege. Nilikaa juu ya dungu katika shamba la Bibi, nje kidogo ya Mkula, nikipiga debe na makelele kuwafukuza kweleakwelea. Ajabu ni kwamba siku nyingine sikuikumbuka kazi yenyewe. Nilipanda dungu asubuhi, mara ni jioni, koo limekauka, na ndege hakuna. Nilidhani kila mtoto anaishi hivyo.

Watu walikuwa na habari zangu nyingi kuliko mimi. Walisema kuna saa nabadilika, natembea kifua mbele, nawajibu wakubwa bila woga na kujiita Zena. Jina langu ni Dafrosa, na Dafrosa hakuwa na ubavu wa kumfukuza hata kuku. Bibi aliamini mzimu wa mtoni ulinirukia siku marehemu mama aliponivusha Kivukoni nikiwa mgongoni. Kabla Bibi hajanichukua, nililelewa na mjomba aliyenichapa mpaka fimbo inavunjika, lakini hilo hakuna aliyelihusisha.

Kwetu, mwenye kitu kibaya mwilini hupelekwa kunyolewa. Mganga humnyoa kichwa chote, na kitu kile hutoka pamoja na nywele. Basi Bibi akanipeleka. Nilikaa mkekani, wembe ukaanzia upande wa kulia, na hapo kumbukumbu yangu inakatika. Yaliyofuata alinisimulia Bibi mwenyewe, tena mara nyingi, maana sikuchoka kumwomba.

Alisema niliushika mkono wa mganga, nikamgeukia yeye.

“Shikamoo Bibi. Mimi ni Zena. Mkinifukuza, fimbo za mjomba atazipokea nani? Dafrosa haziwezi.”

Habari za zile fimbo Bibi alikuwa amezisikia kwa majirani, na hakuwahi kuniuliza.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema. “Fimbo zimekwisha. Inuka twende nyumbani.”

Mganga akaonya kwamba kuacha kazi nusu ni kuita balaa. Bibi hakumsikiliza. Nilipozinduka tulikuwa barabarani, upepo ukinipiga upande mmoja wa kichwa, watu wakitucheka, na Bibi amenishika mkono akitembea kwa maringo kama anatoka harusini. Tangu siku hiyo, kila alipopakua wali aliuliza kwanza leo anayekula ni nani, Dafrosa au Zena. Majirani walisema bibi kizee kachanganyikiwa. Mimi nilinenepa.

Ukubwani, daktari wa akili mjini alinieleza kwamba mtoto akizidiwa na mateso, nafsi yake inaweza kugawanyika ili kugawana mzigo, huyu abebe asichokiweza yule. Nililia kwa furaha. Bibi alikosea kuhusu mto, lakini kuhusu Zena alikuwa amepatia miaka mingi kabla ya daktari. Tumefanya kazi muda mrefu na daktari yule, Zena na mimi, kila mmoja akijifunza kukaa karibu wakati mwenzake anapoongea.

Msimu uliopita nilipanda tena dungu la Bibi. Kweleakwelea wakaja wengi, wakaligubika shamba. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya Zena, nzito, haina woga, na safari hii nilikuwepo. Niliisikia tangu mwanzo hadi mwisho. Jioni nilishuka ngazi, mpunga wetu umesimama, koo limekauka, nami najua kwa nini.