Mbwa wa Marehemu

Jirani yetu alipofariki, ndugu zake walianua matanga na siku hiyohiyo wakagawana vitu. Nilikuwepo, nikiosha masufuria na wanawake wenzangu nyuma ya nyumba, na macho ninayo. Baiskeli ilibebwa, godoro likakunjwa, simtanki likafunguliwa na maji yake yakamwagwa chini wakati sisi Buswelu hii maji tunayasubiri kama mshahara. Koti lake la mvua, lile la kijani alilovaa tangu enzi za ufundi wake melini, alilichukua mdogo wake wa Misungwi, akalivaa palepale na jua lote lile. Gari lilipoondoka na mizigo, kilichobaki ni nyumba tupu, funguo mkononi mwa dalali, na mbwa.

Mbwa hakugawiwa. Sijui walimsahau au kila mmoja alingoja mwenzake amtaje. Alikuwa jike, mwembamba, rangi ya udongo, masikio yamesimama, na kwa miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta sikuwahi kumwona akimtikisia mkia mtu mwingine isipokuwa yule mzee. Jina lake hatukulijua, kwa sababu mzee alimwita kwa mluzi tu. Gari lilipopotea kwenye kona, alilala mbele ya mlango uliofungwa akaendelea na kazi. Alibweka kila aliyepita, akilinda nyumba isiyo na hata kijiko.

Mama wa nyumba ya pili, Mwislamu ambaye mbwa akikatiza mbele yake yeye hubadilisha njia, ndiye aliyekuwa akimpitishia maji kwa mpira juu ya ukuta. Chakula alirushiwa na yeyote aliyekumbuka. Baadaye tulikuja kuona kile chakula kimerundikana pembeni mwa geti, kimeota ukungu, lakini wakati huo hakuna aliyejali kuuliza kwa nini. Dalali alikuwa na wateja wa nyumba na mbwa alimkera. Akatangaza kwamba ataleta vijana wenye marungu wammalize.

Binti yetu alilisikia hilo akaacha kula. Ana miaka kumi na kichwa kigumu, amenirithi mimi, watu husema. Mume wangu akasema basi, tumchukue, maana wezi wameanza kuzoea mtaa huu na mbwa tuliye naye hana faida. Mimi sikutaka. Nilisema mbwa wa marehemu ni mzigo, hujui ameachiwa nini kichwani. Walinitazama wote wawili kana kwamba ni mimi niliyeshika rungu, nikaenda kutafuta kamba.

Huyo mbwa tuliyekuwa naye lazima nimweleze vizuri. Alikuwa dume, mzee, mnene, mlafi ajabu. Alikuja kwetu binti akiwa bado anatambaa, wakakua pamoja, wakilala mchana kwenye mkeka mmoja. Alikula chochote, kwa yeyote. Watoto wa shule walimpa vipande vya maandazi kupitia tundu la geti, mafundi ujenzi walimpa ugali wao, na msoma mita alikuwa rafiki yake wa damu. Mume wangu alizoea kusema kwamba mwizi akija, huyu atamshikia taa. Binti alinuna kila aliposikia maneno hayo, kwa sababu kwake yule hakuwa mlinzi. Alikuwa ndugu yake, hana mwingine.

Tulimleta jike kwa kamba, akijiburuta, tukamfunga kando ya jiwe kubwa lililoko uani kwetu. Mama wa nyumba ya pili alisema alhamdulillah, akakunja mpira wake.

Hakula. Jioni ya kwanza nilimwekea ugali wa dona na mapanki ya sangara niliyoyachemsha hadi mifupa ikalegea. Alinusa, akainua macho kunitazama usoni, akarudi nyuma. Kesho yake vilevile. Mume wangu alinunua maini, ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatujayaona muda mrefu, na jike akayatazama kama mtu anavyotazama sadaka ya adui yake. Tulijaribu maziwa, tukajaribu dagaa, tukajaribu kuondoka tumwache peke yake. Mbavu zikaanza kuhesabika. Daktari wa mifugo alimpima akasema ugonjwa hana, labda anamlilia mwenyewe. Binti alikaa karibu na lile jiwe kila akitoka shule, akimbembeleza kwa sauti ya kumbembelezea mtoto mchanga, na mimi nilipita nikiwa na hasira. Naudhika sana kumwona kiumbe anakufa mbele ya sahani iliyojaa.

Kilichomwokoa ni ulafi wa mwenzake. Jioni moja yule dume mzee wetu alimaliza chakula chake, akavuka ua kwa mwendo wake wa kujivuta, akaingiza mdomo kwenye sahani ya jike. Binti alitaka kumfukuza, nikamshika mkono. Jike hakunguruma. Alikaa chini akamtazama, na hakuitazama sahani, alimtazama yeye. Mzee alikula nusu, akashiba, akajilamba, akajilaza kwenye joto la jiwe akapiga miayo. Jike aliendelea kumtazama kitambo kirefu. Kisha akainuka taratibu, akala yote yaliyobaki, akalamba sahani hadi ikateleza kwenye sementi.

Tulicheka siku ile. Binti alirukaruka uani, na mimi nilisikia machozi yananichoma, nisiseme uongo.

Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni ya nyumba. Sahani moja kubwa, mzee anatangulia, jike anakaa pembeni anamtazama. Mzee akimaliza na kujilaza, jike anasubiri kidogo, ndipo anakula. Hata ukimpa mfupa mkononi hakuupokea mpaka mzee auguse kwanza. Mume wangu alipenda sana jambo hili. Wageni wakija aliwaita waje kuona. "Huyu ana adabu kuliko watu wengi ninaowajua," alikuwa akisema. "Anamheshimu mwenye nyumba." Nami nilimwambia binti, anapowahi minofu kabla ya baba yake, ajifunze kwa mbwa. Sote tuliita adabu. Jike alinenepa, manyoya yakang'aa, tukamfungua kamba, na ingawa sisi hakuwahi kututikisia mkia, mzee alimlamba masikio na usiku walilala wameegemeana migongo.

Asubuhi moja ya mvua za vuli nilitoka kuwasha jiko la mkaa nikaona geti limepinda upande wa kitasa. Halijafunguka. Nilifurahi, nikasema leo wezi wamekutana na mbwa wa kweli, maana tulikuwa tumemsikia jike akibweka na mume wangu alimpigia kelele anyamaze. Kisha nikazunguka upande wa jiwe.

Mzee wetu alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, povu limemjaa mdomoni. Karibu na kichwa chake palikuwa na kipande cha nyama kilicholiwa nusu. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kipande kingine, kizima, chekundu, kimelowa mvua, na mbele ya kipande hicho alikaa jike. Alikuwa hajakigusa. Hakuwa akikitazama. Alikuwa anamtazama mzee.

Daktari wa mifugo alikuja akafungua mdomo wa mzee, akanusa, akasema inaelekea ni dawa ya pamba, ile wanayopulizia mashambani huko Magu, siku hizi wezi wanapaka kwenye nyama. Alizungumza nasi kwa upole. Mume wangu alichimba shimo nyuma ya jiwe, kazi ngumu, maana udongo wetu ni kokoto tupu, na kila jembe lilipogonga jiwe binti alishtuka. Hakulia hadi tulipomfukia. Ndipo akamgeukia jike, ambaye alikuwa amesimama pembeni, na akasema kwa sauti ndogo, ya mtu mzima kabisa, "Angekufa huyu."

Baba yake alimwambia asiseme hivyo. Mimi nilikuwa nawaza vilevile.

"Mama, kwa nini yeye hakula?" aliniuliza jioni. "Alijua ina sumu? Kama alijua, kwa nini hakumzuia?"

Nilisema sijui. Aliuliza tena kesho yake, na siku iliyofuata, na kila mara nilisema sijui. Aliacha kwenda uani. Jike akimkaribia aliingia ndani akafunga mlango. Na jike naye akaacha kula. Sahani niliiweka mahali palepale, akakaa pembeni palepale, akageuza macho pale alipozoea kujilaza mzee, akangoja. Hakuna aliyekuja. Chakula kikapoa, kikakauka, nikakimwaga. Mbavu zikarudi.

Nikaamua kumrudisha kwa wenyewe. Nilisema hatuwezi kuzika mara mbili, na kama ni kufa, akafie kwa ndugu wa marehemu. Jumamosi nikaenda Misungwi kumtafuta yule mdogo mtu. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amevaa lile koti la kijani, limemkaa vibaya mabegani.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mama. Karibu. Jirani wa kaka, sura yako siisahau."

Akanipa kigoda, akatoa togwa kwenye ndoo, akajaza kikombe. Akanywa funda moja, akafuta mdomo kwa mkono wa lile koti, akanikabidhi. Nilikuwa na kiu, nikanywa. Kisha nikamweleza yote: mbwa wetu, ile nyama, mtoto wangu anayejifungia ndani, na jike anayekufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Nikamwomba amchukue.

Akakitazama kikombe nilichoshika.

"Hiyo togwa umeinywa," akasema.

"Nimeinywa, ahsante."

"Kwa nini hukuogopa?"

Nikamwambia swali gani hilo, nimekaribishwa, nimepewa.

"Umekunywa kwa sababu nimeonja," akasema. "Hata kama hukufikiri. Sisi wa zamani mgeni hapewi kitu kabla mwenye nyumba hajaonja mbele yake, aone kwamba hamna kitu ndani. Bibi yako hakufanya hivyo?"

Alifanya. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kumpa mtu pombe bila kugusa kwanza kibuyu kwa midomo yake. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Kaka wezi walimwulia mbwa wawili," akaendelea. "Kwa nyama, hivyohivyo kama wako. Huyu alipompata, mdogo hivi, akasema huyu hawatamwua. Kila chakula anakionja yeye kwanza, mbwa anaona. Halafu anamzuia. Anavuta sigara yake mpaka iishe, mbwa amekaa, anamtazama. Ikiisha anapiga mluzi, mbwa anakula. Asipoonja yeye, mbwa hali, hata umpe ng'ombe mzima. Alichapwa sana huyo mpaka akajua." Akakung'uta vumbi kwenye koti. "Mimi sikumchukua kwa sababu hiyo, mama. Nina watoto na shamba. Siwezi kuwa mtu wa kumwonjea mbwa mpaka nife."

Nilimuaga kwa heshima lakini sidhani kama nilisikia alichonijibu. Nilikuwa namwona mzee wetu, mnene, mjinga, mwema, akivuka ua kwa mwendo wake wa kujivuta jioni ile ya kwanza, na sisi tumesimama tunacheka. Tulikuwa tumempa kazi bila kujua. Kila jioni alionja, kila jioni alitazamwa kama ataamka, na usiku ule wa mvua alikuwa ameonja mara ya mwisho na hakuamka. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nitamwambia nini mtoto wangu.

Jioni nilisonga ugali, nikachemsha dagaa, nikaweka kwenye ile sahani kubwa, nikaibeba hadi kwenye jiwe. Jike alikuwa amelala. Aliinua kichwa kwa shida. Nikapiga magoti kwenye sementi, na umri huu na magoti haya, nikamega tonge mbele ya uso wake, nikalichovya, nikatafuna, nikameza. Nikaisukuma sahani kwake.

Hakuigusa. Alijikalisha, miguu ya mbele ikimtetemeka, akanitazama usoni. Alinitazama macho, akatazama mdomo, akarudi machoni, akatulia hapo. Ule mtazamo niliujua. Niliuona kila jioni kwa miezi mingi na nikauonyesha kwa wageni. Alikuwa anangoja kuona kama nitaanguka.

Nyuma yangu mlango wa jikoni ulifunguka. Binti alisimama kizingitini, ameshika fremu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko kuuona uso wake upande huu wa nyumba.

"Mama," akasema, "mbona hali? Anasubiri nini?"

"Anasubiri kipoe," nikamwambia.

Nilibaki nimepiga magoti, nikajitahidi nisitikisike, mikono nimeiweka mapajani aione. Dagaa walinikaa kooni, na sikuthubutu kukohoa. Sikuanguka, na yeye akala.