Mcheko wa Kabla ya Uzi

Nesi wa wodi yetu hamsalimii mama kabla hajamsalimia mtoto. Anasugua viganja vipate joto, anafunua kitambaa alichofichwa nacho usoni, na akiuona mdomo uliopasuka hadi puani anasema, "Karibu, bosi," utadhani alikuwa akimngoja. Anamkalisha wima mapajani, maana kaakaa likiwa wazi maziwa hutokea puani, kisha anaiminya chupa polepole, akisubiri ameze ndipo aminye tena. Mimi nipigaye deki ndiye shahidi: wengine wakinyonyesha sakafu inanata, akinyonyesha yeye inabaki kavu.

Kuna mama aliletwa na mama mkwe wake, na mkwe hakutua hata mkoba. "Kwetu hakuna midomo ya hivi. Sijui huyu alikula nini!"

"Hakula kitu, mama," nesi akamjibu. "Mdomo hujiunga mtoto akiwa tumboni. Wa huyu haukumaliza, tutaumalizia."

Asubuhi ya upasuaji nesi alimchekesha mtoto, akaomba kumpiga picha. Mama akageuka ukutani. "Piga, dada, ila mimi usinionyeshe."

Juzi wamerudi. Mdomo umeshonwa ukapona, kaakaa linasubiri zamu yake, na mkwe anamzungusha mjukuu wodi nzima kama kikombe cha ubingwa. Mama akamvuta nesi pembeni, karibu na ndoo yangu.

"Dada, ile picha bado unayo? Nimeukumbuka ule mcheko wake."

Simu ya nesi ilikuwa tayari mkononi.