Mistari Sita ya Marehemu

Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano nilimpoteza mume wangu. Siku nne baada ya mazishi, kompyuta aliyotumia kwenye duka la dawa za mifugo ikaungua. Ndani mlikuwa na programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ukurasa mmoja tu unaoonyesha ng'ombe wa nani anakaribia kuzaa. Nakala yake na orodha ya ng'ombe nilikuwa nazo kwenye flashi. Mwenye duka aliniambia wazi: "Mama, isipofanya kazi leo kwa mashine mpya, tunarudi kwa daftari."

Alikuwa ameita mtaalamu, mzee mzima mwenye tai. Akachomeka flashi yangu, akahamishia kila kitu kwenye mashine mpya, akafungua faili ya mipangilio ya programu, akacheka.

"Mistari sita? Hii ni kazi ya chekechea."

Akaifuta. Akabandika faili nyingine aliyoitoa mtandaoni, mistari zaidi ya mia: ulinzi kama wa benki, lugha tano, nafasi ya maelfu ya watumiaji. Yote hayo kwa ajili ya ng'ombe wa wakulima wa Moiben.

Programu ikakataa. Kioo kikajaa maandishi mekundu ambayo hakuyasoma. Akajaribu mara nne, akilaumu mashine, kisha stima kwamba haina nguvu, mwisho marehemu.

"Aliyeandika hii hakusoma."

Kweli, hakusoma sana. Mimi nilisoma kidogo kuliko yeye. Lakini macho yake yalipoharibika, mimi ndiye niliyemsomea mistari hiyo, mezani kwetu mtaa wa Pioneer, mara nyingi mpaka nikaikariri. Sikumsomea kwa upendo. Nilinung'unika. Siku moja nilimwambia ni upuzi, nikainuka, akabaki ameshika meza.

"Poti ni nane sufuri nane moja," nikamwambia mtaalamu. "Nane sufuri nane sufuri imeshikwa na programu ya risiti. Aliniambia."

"Mama, unajua poti ni nini?"

"Sijui. Andika."

Mwenye duka akaangua kicheko. Nikamtajia mtaalamu mistari yote sita, hadi nukta, naye akaandika huku tai ikifagia kibodi.

Ukurasa ukafunguka. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mkulima wa Timboroa. Ng'ombe wake alitarajiwa kuzaa Alhamisi. Mwenye duka akachukua simu kumpigia.

Mteja akaingia, akauliza kama ile kompyuta imepona.

"Nimeitengeneza," mtaalamu akasema.

Nikachomoa flashi yangu, nikaenda nyumbani.