Kombe la Baba

Tangu mtoto wa jirani alipokufa, nyumbani kwetu Msambweni tulikuwa tukifunga mlango kabla ya magharibi. Mtoto yule aliugua homa, na wazazi wake wakamjia baba, mwalimu mstaafu wa chuo cha Kurani, awaandikie kombe. Baba aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, mtoto akanywa. Akawahimiza wampeleke na hospitali. Hawakumpeleka. Alipozikwa, maneno yakaanza: mzee amemroga.

Msidhani ni maneno ya kupita. Huku kwetu mzee mwenye mvi akishatajwa kwa uchawi, anaweza kukatwa mapanga shambani mwake, na shamba likapata wenyewe wapya. Kila pikipiki ya vijana wa mtaani ilipopunguza mwendo pale nje, nilichungulia dirishani. Niliogopa, sifichi, mimi mtu mzima mwenye mtoto.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, askari mstaafu, alikuja kutoka Tiwi kumchukua baba.

"Shemeji, dunia hii inaendeshwa na serikali," alisema. "Tupite kituoni ukaripoti, kisha uhamie kwangu."

"Kama serikali ndiyo yenye dunia, mbona wanikimbiza?" baba akamuuliza. "Mwenye ufalme ni Mungu, shemeji. Humpa amtakaye, humpokonya amtakaye. Hao vijana wana mapanga tu. Roho yangu hawanayo."

Mama alikuwa akichambua mchicha. "Nyote wawili mwaota," alisema. "Wanaotawala ni watu na midomo yao. Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe."

Lo, nilipandwa na hasira! Baba yangu anawindwa, na hawa wamekaa kitako kubishana nani mwenye dunia. Nilimshika baba kanzu nikamlilia aondoke. Akanipapasa kichwa, akaniambia hajawahi kumkimbia mtu aliyemfundisha alifu na bee. Wengi wa vijana wale ni yeye aliyewasomesha, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana sasa walipita mlangoni kwetu bila hata shikamoo.

Asubuhi iliyofuata mwanangu aliamka anawaka homa. Mjomba akatoka mbio kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Nilipokuwa nikimvisha mtoto, baba aliingia na kikombe. Nilisikia harufu ya zafarani kabla sijamwona. Alikuwa amemwandikia mjukuu wake kombe, kama alivyotuandikia sisi sote utotoni.

"Mpe kidogo kabla hamjaondoka," alisema. "Bismillahi."

Mama aliinuka akaweka kiganja juu ya kikombe. Mama huyu huyu, aliyekunywa makombe ya baba katika kila mimba yake.

"Baba watoto, nakuomba," alisema kwa sauti ndogo. "Si huyu."

Baba alimtazama mama, kisha akanitazama mimi. Nilimkumbatia mwanangu nikainamisha macho. Sikujua tena namwogopa nani.

Baba hakutaja Mungu wala serikali. Aliuondoa mkono wa mama polepole, akalinywa kombe lote, akakaa kwenye kiti mbele yetu, akangoja tumwangalie.