Kama Bomba Limekauka

Harufu ya klorini ikinipata, hata kwenye jagi la wageni, hunirudisha Kilibula, mtaa wetu kando ya ziwa, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na kujiona fundi wa kompyuta. Msinicheke. Chumba chetu cha mafunzo kilikuwa na kompyuta moja kwa watoto ishirini, na umeme ulikuja ulipojisikia. Ukikatika, mwalimu alimsimamisha Baraka, mvivu kuliko sote, awe ndiye mashine. Sisi tuliandika amri, yeye akatii.

"Mashini inafanya yenye umeandika," mwalimu alituambia. "Haifanye yenye uko unawaza."

Mimi niliandika sheria ya mama kuhusu maji. KAMA bomba linatoa, BASI chota, unywe. LA SIVYO, chota ziwani, chemsha, ndipo unywe. Baraka akabeba bidoni, dumu la maji, akachemsha hewa, akanywa kwa madaha. Nikapigiwa makofi. Ndipo mwalimu akauliza: na mkaa ukikosekana? Baraka akaanza upya, akaganda pale pale, bidoni kichwani, hadi tukachoka kucheka.

"Kuuliza si ujinga," mwalimu akasema. "Mkaulize nyumbani."

Nilimkuta mama anasugua bidoni kwa mchanga. "Mama, na kama makala haiko?" nilimuuliza, yaani mkaa. Akaongeza mchanga, akaendelea kusugua. Nilidhani hakuelewa somo, nikamhurumia kidogo kwa kukosa shule.

Msimu ule mvua ilikata barabara za milimani, mkaa haukushuka sokoni, na kuni zote mtaani zililowa chapachapa. Bomba lilikuwa kavu siku ya tano. Mdogo wangu Neema, wa miaka mitatu, alilia kiu tangu asubuhi mpaka sauti ikamwisha. Mama aliyaacha maji ya ziwa yatulie, akayachuja kwa kitenge, akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akamnywesha.

"Mama, ile mayi haiyachemuka."

"Miye niko najua."

Siku ya pili Neema alianza kuharisha. Mama alimbeba mgongoni hadi kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu. Watoto wasio wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo niliachwa nje ya uzio, karibu na ndoo ya maji ya klorini, nikanawa mikono tena na tena kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya. Nilimsikia Neema akiniita mara moja tu. Kesho yake tulimzika.

Baada ya maziko, mbele ya wanawake waliokuja kutupa pole, nilifungua daftari nikamsomea mama sheria yake mwenyewe, neno kwa neno. Nilikuwa na hasira, nami nilitaka aumie. Shangazi aliinua mkono anizabe kofi. Mama akaushika.

"Umuache," alisema. Kisha akanitazama. "Uko unasema kweli, mwana yangu."

Kwa miaka mingi niliyachukua maneno yale kuwa kukiri kosa. Hata nilimsamehe, jamani, kwa majivuno yangu yote. Ilibidi nizae wa kwangu ndipo nielewe. Mama hakuwa anakiri chochote. Aliona heri nimlaumu yeye, kuliko nijue katika umri ule kwamba njia ya kumwokoa Neema haikuwepo.